Kandambili na Raizoni: Miaka 50 tangu Yanga ipasuke vipande viwili

Mwaka huu wa 2026 unatimia mwaka wa 50 tangu nyota wa Yanga wafungashe virago Jangwani na kwenda kuanzisha klabu yao, wakaiita Pan African. Hilo si tukio la kukatiwa keki. Kwa wazee wa Kariakoo walioliona kwa macho yao, bado ni kidonda. Kwa vijana wanaojaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwa na jezi mpya kila msimu, ni habari ambayo wengi hawajawahi kusimuliwa. Nimeona niisimulie sasa, kwa sababu swali lililowapasua Wanayanga wakati ule ndilo linalozunguka vijiwe vya Simba na Yanga leo, tangu maneno ya asilimia 51 za wanachama na asilimia 49 za mwekezaji yaingie midomoni mwa watu: klabu ni ya nani?

Jibu la haraka kila mtoto wa mjini analo. Klabu ni ya wanachama. Hakuna tajiri aliyeianzisha Yanga wala Simba kwa fedha zake akawaalika watu waje kushangilia. Mtu huchukua kadi, hulipa ada, huingia kwenye tawi la mtaani kwake, na siku ya mkutano mkuu hunyoosha mkono au hutumbukiza kura. Muuza samaki wa Feri na mwenye duka la jumla Kariakoo, wote wakiwa na kadi zilizolipiwa, kura yao ni moja moja. Kwa utaratibu huo mwenyekiti aliyeingia kwa maandamano ameweza kutolewa kwa mkutano, na mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe ameweza kujadiliwa na watu ambao mchana wanasukuma mikokoteni.

Tumeuzoea utaratibu huu hata tumesahau kuwa ni mali. Ndiyo maana hadithi ya 1976 ina faida kuliko hotuba nyingi za siku hizi.

Kwanza tuanzie mwanzo, japo kwa ufupi, maana sehemu hii imeandikwa mara nyingi. Yanga inahesabu kuzaliwa kwake Februari 11, 1935. Simba inahesabu 1936, ikapitia majina ya Eagles na Queens kabla ya kutulia kwenye Sunderland, jina lililodumu hadi 1971 ilipoitwa Simba. Masimulizi ya Jangwani yanasema watani hao walitoka tumbo moja, kwamba kulikuwa na mfarakano katika kundi la vijana wa mwanzo na waliojitoa ndio waliojenga nyumba ya pili. Yakiwa ya kweli, basi utani wa jadi wenyewe umezaliwa na ugomvi wa wanachama.

Mtafiti wa Kijapani Tadasu Tsuruta, ambaye sura yake kuhusu Simba na Yanga imo katika kitabu cha historia ya Dar es Salaam kilichochapwa mwaka 2007, anatukumbusha jambo ambalo waandishi wengi wa michezo tunaliruka. Klabu hizi hazikuanza kama timu za mpira peke yake. Zilikuwa vyama vya watu wa mjini, zikiwa na undugu wa karibu na vyama vya taarabu. Yanga ilikuwa upande mmoja na Egyptian Musical Club, Sunderland upande mmoja na Al-Watan. Mashindano ya ngoma na muziki ya watu wa pwani, ya kutambiana, kupigana vijembe na kuchangiana, yalihamia uwanjani pamoja na mpira. Mwanachama alikuwa mtu wa kuzikana na kuozana na wenzake. Akifiwa, klabu inakuja na mkeka na mchango.

Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini mzee wa Yanga husema klabu yetu kwa sauti ileile anayosemea nyumba yetu. Jengo la makao makuu lililo kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na uwanja wa Kaunda ulio ubavuni mwake, ni mali iliyopatikana kwa jasho la wanachama na msaada wa wakubwa wa wakati ule. Hayati Abeid Amani Karume ndiye anayetajwa zaidi na wazee kwa msaada huo. Simba, wenzao wa Msimbazi, nao wana majengo yao mawili kwenye mtaa uliowapa jina. Hati za nyumba hizo hazina jina la mfanyabiashara.

Sasa tufike 1975.

Wakati huo Yanga ilikuwa juu ya kila mtu. Ilikuwa imechukua ubingwa wa Tanzania mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Mwaka 1974, kwenye Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, iliifunga Simba mabao 2-1 katika mchezo ambao watu wa rika lile bado wanausimulia kama harusi. Januari 1975 ikaenda Zanzibar, ikaifunga Simba tena, 2-0, kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, kwa mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara. Sembuli alikuwa na mashuti ya kutisha, na Manara aliitwa Kompyuta kwa jinsi alivyokuwa akiupangilia mpira. Nyuma yao kulikuwa na majina kama Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Kitwana Manara. Sijui kama nchi hii imewahi kukusanya vipaji vingi kiasi kile ndani ya jezi moja.

Kisha ukaja mtihani wa Enugu Rangers ya Nigeria kwenye Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Yanga haikufungwa, ila ilitolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Kwa timu iliyokuwa imeanza kuamini kuwa Afrika iko mkononi, pigo lile liliwakuta watu hawajajiandaa. Vidole vikaanza kunyooshwa. Kocha Tambwe Leya, aliyetoka Zaire, akawa katikati ya mzozo: wako waliotaka aondoke, wako waliomtetea, na wachezaji wakajikuta wamegawanywa na mambo ambayo hayakuwa ya uwanjani tena. Wengine wakafungiwa. Wanachama nao wakashika pande.

Hapo ndipo Kariakoo ilipofanya inachokijua zaidi, yaani kutoa majina. Upande mmoja uliitwa Yanga Kandambili. Upande wa pili, Yanga Raizoni.

Kwa msomaji kijana, raizoni ni viatu vya soli nene vilivyokuwa vikimwinua mtu juu inchi kadhaa, vilivyovuma miaka ya 70 pamoja na suruali za bugaluu. Alivivaa kijana aliyejiona wa kisasa, mwenye mshahara na safari. Kandambili kila mtu anazijua. Ni ndala za kwendea msalani, sokoni na msikitini, za mtu ambaye hana anayetaka kumwonyesha kitu. Majina yale yalikuwa ya kejeli, lakini yalibeba ukweli mzima wa ugomvi. Wale wa raizoni walikuwa na nyota wa timu na watu walioona kwamba mpira wa Afrika umebadilika, unahitaji uongozi wa aina nyingine. Wale wa kandambili walikuwa watu wa matawi, wazee wa vikao, wenye kadi zilizochakaa mifukoni. Hawakuwa na nyota. Walikuwa na klabu.

Ugomvi ukaingia nyumbani. Katika mitaa ya Kariakoo na Ilala ulikuta ndugu wawili hawasalimiani. Katika chama kilichozoea kuzikana, hilo lilikuwa jambo zito kuliko kufungwa na Simba. Na siwezi kusema kwamba haki yote ilikuwa upande mmoja. Wachezaji wale walikuwa na manung'uniko ya kweli. Mchezaji wa zama zile alicheza kwa posho na heshima, akitegemea kazi ya mchana, na kumfungia kwa sababu ya siasa za vikao ilikuwa ni kumkata mkono. Uanachama una ubaya wake, na huu ni mmoja: kundi likishapandwa na hasira linaweza kuchoma nyumba likidhani linafukuza nyoka.

Waliofungiwa na waliowafuata wakaondoka. Walipitia Morogoro, wakachezea Nyota Afrika, kisha wakarudi Dar es Salaam, na mwaka 1976 Pan African ikazaliwa. Ilizaliwa ikiwa na meno yote mdomoni. Tenga alikuwamo. Mtagwa alikuwamo. Akina Manara walikuwamo, na Sembuli. Muda si mrefu Sunday Manara akaenda Heracles ya Uholanzi, miongoni mwa Watanzania wa kwanza kabisa kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kwa fainali za Mataifa ya Afrika, zile za kwanza katika historia yetu, Pan African ilikuwa na watu wake ndani ya kikosi. Tenga baadaye aliliongoza Shirikisho la Soka la Tanzania kuanzia 2004 hadi 2013. Hii haikuwa timu ya wahuni waliofukuzwa.

Na waliobaki Jangwani? Walibaki na jengo, uwanja, jina, rangi za kijani na njano, na vijana ambao jana walikuwa wakibeba mipira ya wakubwa.

Malipo yakaja Julai 19, 1977. Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa sifuri. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Mpaka leo hakuna mchezo wa watani uliozidi idadi hiyo, na mpaka leo mwana Msimbazi akibanwa kwenye mabishano atayatoa yale sita kama mtu anayetoa kitambulisho. Simba ikachukua ubingwa wa nchi mwaka 1976, ikarudia 1977, 1978, 1979 na 1980. Miaka mitano kamili Jangwani walikuwa watu wa kula kwa macho.

Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Chukua klabu yoyote inayomilikiwa na mtu mmoja. Iondolee kikosi chote cha kwanza, ifungishe mabao sita na mtani wake, inyime kombe kwa miaka mitano. Mwenye mali atafanya nini? Atapiga hesabu. Atauza, atahamisha au atafunga. Na kwa mujibu wa biashara atakuwa hajakosea.

Wanakandambili hawakuwa na hesabu ya kupiga, maana hakukuwa na pa kuhamia. Waliendelea kulipa ada. Walikwenda uwanjani kufungwa. Walichanga nauli za vijana, wakawalisha kambini, wakagombana tena kwenye mikutano, wakachaguana tena. Mwaka 1981 Yanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na kikosi kilichoutwaa kilikuwa kimekuzwa hapohapo Jangwani katika miaka ya njaa. Mwaka uliofuata, 1982, bingwa alikuwa Pan African. Kwa hiyo ukitazama misimu hiyo miwili tu, utadhani klabu pacha zimezaliwa na kila moja itaishi maisha yake.

Haikuwa hivyo. Yanga ilichukua tena ubingwa 1983, 1985, 1987, na imeendelea hadi leo. Ule wa 1982 ndio ubingwa pekee wa ligi ya nchi ambao Pan African imewahi kuupata. Nyota wake walizeeka, kama nyota wote wanavyozeeka, na nyuma yao hakukuwa na matawi ya kutosha kuibeba timu itakapokosa mvuto. Iliwachukua wachezaji wa Yanga. Wanachama wa Yanga haikuweza kuwachukua. Leo haimo Ligi Kuu, na wapo mashabiki wazuri kabisa wa kandanda ambao hawajui kama bado ipo. Naisikitikia, kwa sababu Pan African ilistahili heshima zaidi ya hiyo.

Mtu anaweza kusema huo ni mfano mmoja. Haya, tutazame wengine wa rika lile. Miaka ya 70 na 80 nchi ilijaa timu za mashirika: Pilsner, Sigara, Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma, RTC Kagera, Mecco ya Mbeya, Ushirika ya Moshi. Zilikuwa na mabasi, kambi, ajira kwa wachezaji, mambo ambayo Simba na Yanga waliyaota. Mwenye timu alikuwa shirika. Miaka ya 90 mashirika yalipobinafsishwa na mengine kufa, timu zilikwenda nayo kaburini, moja baada ya nyingine, wala hakuna mkutano mkuu ulioitishwa kuulizana la kufanya, kwa kuwa hakukuwa na wanachama wa kuitwa. Reli ilikuwa ikiwatoa jasho vigogo kila walipokanyaga Morogoro. Ilipofikia mwisho wake, watu wa Morogoro waliokuwa wakiishangilia walikuwa watazamaji tu. Hawakuwa na kauli.

Nje ya nchi upo mfano ninaoupenda, kwa kuwa unafanana na wetu kwa njia ya kinyume. Wimbledon ya London, klabu iliyolitwaa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool, ilikuwa mali ya wafanyabiashara. Mwaka 2002 wamiliki wakaruhusiwa kuihamishia mji wa Milton Keynes. Mashabiki walipinga kwa kila njia, wasisikilizwe, kwa sababu kisheria haikuwa yao. Basi wakafanya kama raizoni: waliondoka. Wakaanzisha AFC Wimbledon, wakawajaribu wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, wakaanzia daraja la tisa. Lakini hapa ndipo walipowazidi Pan African. Klabu mpya waliiandikisha chini ya chama cha mashabiki wenyewe, kila mwanachama kura moja. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi za kulipwa. Novemba 2020 wakarudi mtaa wa Plough Lane, kwenye uwanja mpya ambao sehemu ya gharama zake mashabiki waliikopesha klabu yao wenyewe, mamilioni ya pauni. Wajerumani nao, tangu 1998, wana kanuni inayotaka wanachama wabaki na nusu ya kura na moja zaidi katika klabu ya ligi. Kwa hiyo anayesema klabu ya wanachama ni mambo ya kizamani ya Kiswahili hajatembea.

Baada ya miaka ya 80 hadithi yetu inakwenda haraka. Walikuja wafadhili, Abbas Gulamali upande wa Yanga, Azim Dewji upande wa Simba, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma ya Simba ile iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella ya Abidjan. Mfadhili alitoa fedha, klabu ikabaki ya wanachama. Kisha Yanga ikapasuka tena, safari hii kati ya Yanga Kampuni waliotaka klabu igeuzwe kampuni na Yanga Asili waliokataa. Ugomvi ule uliburuzana mahakamani na kwenye vikao hadi alipokuja mfadhili Yusuf Manji mwaka 2006 na kuwakalisha pamoja. Marehemu Manji, aliyefariki Januari 2024, alifanya mengi mazuri Jangwani. Lakini Agosti 2016, akiwa mwenyekiti, aliomba akodishiwe timu na nembo kwa miaka 10, na wanachama walikubali kwa shangwe. Baraza la Michezo la Taifa ndilo lililosema hapana. Siku ile sikuielewa furaha ya ukumbini, na sijaielewa bado. Watu waliokataa kuuza klabu wakati wa mabao sita walikuwa tayari kuikodisha wakati wa neema.

Miezi michache baadaye, mwaka 2017, Manji alijiuzulu, na Yanga ikabaki bila mwenye fedha. Msimu wa 2018/19 mishahara ilikuwa shida. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, alisimama kama mzee wa tawi kuhimiza watu wachangie. Fedha zikaingia kwa simu, za mama ntilie na za dereva wa bodaboda, elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Juni 2019 ikafanyika harambee kubwa ya Kubwa Kuliko. Timu ile ya kuchangiwa ilimaliza ligi katika nafasi ya pili. Nikiulizwa faida ya klabu kumilikiwa na wanachama, huo ndio msimu nitakaoutaja baada ya 1976. Kandambili walikuwa wamerudi kazini.

Simba walikuwa wametangulia njia nyingine. Mwaka 2017 wanachama wao waliridhia mabadiliko, mwekezaji Mohammed Dewji akaja na ahadi ya shilingi bilioni 20, na serikali ikaweka kanuni kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama lazima ibakize asilimia 51 mikononi mwao. Yanga wakafuata mwaka 2021 kwa katiba mpya ya mkondo huohuo. Uwanjani matunda yameonekana. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikafika fainali hiyohiyo 2025. Sina ugomvi na fedha. Mchezaji wa leo halishwi kwa heshima, na walioondoka 1976 wangekuwa wa kwanza kulisema hilo.

Ugomvi wangu ni na usingizi. Asilimia 51 ni haki iliyolipiwa na watu waliokwenda uwanjani kufungwa sita. Inataka daftari la wanachama linaloeleweka, mikutano inayofanyika kwa wakati, hesabu zinazosomwa kwa sauti na kuulizwa maswali. Badala yake, mwanachama wa siku hizi amefanywa mteja: anauziwa jezi, anauziwa tiketi, anauziwa kadi, na akiuliza la uongozi anaambiwa aiachie klabu kwa wataalamu. Vijiweni tunajua bei ya kila mchezaji aliyesajiliwa, lakini ni wachache wanaoweza kukuambia katiba ya klabu yao inasema nini kuhusu nyumba, nembo na jina. Wazee wa kandambili, ambao wengi wao hawakuwa na shule kubwa, walivijua vitu hivyo vitatu kwa moyo. Ndivyo vilivyowabakia.

Na kumbukumbu zenyewe zinapotea. Uwanja wa Kaunda, ambako vijana wa 1976 walifundishwa mpira, umekuwa ukigeuka bwawa kila Mto Msimbazi unapofurika. Waliokuwa raizoni na waliokuwa kandambili wanazikwa mmoja mmoja, na kila mazishi yanaondoka na ukurasa. Picha, barua za kufungiwa, mihtasari ya vikao, kadi za ada za miaka hiyo, vingi viko kwenye masanduku ya majumbani Ilala, Kariakoo na Magomeni, vikisubiri panya. Klabu zinazosajili wachezaji kwa mamilioni haziwezi kukosa chumba kimoja cha kuvihifadhi, ama Jangwani ama Msimbazi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Mwenye mzee aliyekuwapo 1976 amkalishe, amwandike, aitunze karatasi hiyo. Na mwenye kadi, ya kijani au nyekundu, asiende mkutano mkuu ujao kupiga picha na wachezaji tu. Aende na katiba mkononi, asubiri nafasi ya maswali ifike, asimame, aulize fungu lake la asilimia 51 limeandikwa wapi na kwa jina la nani. Asikae chini mpaka ajibiwe.